Nitakataaje kazi ya usiku studioni bila kupoteza wateja?

Fundi wa Kisauni aliuliza:

Assalaam aleikum na hamjambo nyote. Mimi ni fundi wa kurekodi muziki hapa Mombasa, upande wa Kisauni, na huu ni mwaka wangu wa 11 katika kazi hii. Nimekuja na jambo ambalo nimelinyamazia muda mrefu kwa kudhani kwamba ni udhaifu wangu peke yangu, mpaka wiki tatu zilizopita lilipoharibu jasho la watu wengine.

Studio yangu ni chumba kimoja cha kupanga, ghorofa ya kwanza, kando ya barabara. Kutani nimebandika sponji na mapazia mazito, lakini sponji hutuliza mwangwi wa ndani tu, haizuii kelele za nje. Tuktuk, honi za matatu na mashine ya fundi wa kuchomelea vyuma aliye chini yangu huingia kwenye maikrofoni kana kwamba ukuta haupo. Kwa sababu hiyo sauti za waimbaji huzirekodi usiku. Mteja hufika saa tatu, tukaanza saa nne. Feni na kiyoyozi tunavizima kwa kuwa maikrofoni huvinasa, na joto la chumba kilichofungwa kote linapotuzidi tunasimama, kila baada ya dakika 20 hivi, ili tupate hewa. Hivyo ndivyo kazi ambayo ingekwisha kabla ya usiku wa manane inavyofika alfajiri. Adhana inapolia, tunafunga. Mimi hulala saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa nne mteja wa juzi hunipigia simu kuulizia miksi yake, yaani wimbo ukiwa umeunganishwa sauti zote na kusawazishwa, nami huamka nikaifanya, kwa sababu yeye naye amelipa. Usiku unaofuata ni zamu ya mtu mwingine.

Malipo yangu ni Sh8,000 kwa wimbo, tangu biti, yaani mdundo, hadi masta, ile nakala ya mwisho, bila kuhesabu muda. Misimu ndiyo hunimaliza: wiki za kuelekea Ramadhani, ambapo makundi ya kasida hutaka kazi zao zitoke kabla mwezi haujaandama, kisha Desemba, wageni wanapojaa mahotelini na bendi zinataka nyimbo mpya, na mwaka wa uchaguzi, ambapo kila mgombea anataka wimbo wake uwe tayari kesho. Katika misimu hiyo jumla ya usingizi wangu kwa siku haizidi muda wa saa nne, tena vipande vipande, kwa wiki tano au sita mfululizo.

Sasa niwaeleze lililotokea. Kwaya moja kutoka Changamwe, watu 14, ilirekodi kwangu usiku wa Ijumaa. Waliimba vizuri mno. Mama mmoja wa sauti ya chini alikuwa ametoka zamu kiwandani, na bado alisimama kwa miguu yake mpaka saa nane usiku bila kulalamika. Walipoondoka, diski ya kompyuta ilikuwa imejaa, nami nikataka kuipunguzia mzigo kabla ya kulala. Saa kumi kasorobo nilifungua amri ya kufuta mafaili yasiyotumika. Programu ikaniuliza kama nina hakika kwamba nataka yafutwe kabisa diskini, nikabonyeza ndiyo. Nakumbuka kidole changu kikibonyeza. Sikumbuki kama nilisoma. Sauti za kuitikia nilikuwa nimeziondoa kwa muda kwenye mpangilio wa wimbo ili nizipange upya, kwa hivyo programu ilizihesabu kuwa hazitumiki, na zote zikaenda. Ufutaji wa namna ile hauna kurudi nyuma. Niliketi mbele ya kioo cha kompyuta mpaka kukapambazuka, nikitafuta maneno ya kumwambia mwalimu wa kwaya.

Hakunigombeza. Aliniuliza nimelala usiku mzima mara ya mwisho lini, nami nikashindwa kumjibu.

Naomba kujua kutoka kwa walio katika kazi hii mnavyoikataa kazi ya usiku, au mnavyoiwekea mpaka, bila mteja kuhamia studio ya jirani ambayo haikatai kitu. Na liko jambo la masikio. Sikio langu la kushoto lina mlio mwembamba kama wa mbu, ambao zamani ulikuwa ukiondoka nikiamka na sasa hukaa hadi mchana. Tena miksi ninazozimaliza usiku, nikizisikiliza asubuhi, huwa kali hata mimi mwenyewe hazinipendezi. Je, hayo yanatokana na kukosa usingizi, na sauti kubwa, au na vyote viwili?

Mzee wa Kanda alijibu:

Wa aleikum salaam, mwanangu. Habari ya kwaya nimeisoma mara mbili na imeniuma, kwa kuwa naijua ile saa kumi kasorobo. Nimewahi kuwa ndani yake mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mimi nilianza kurekodi Mji wa Kale katika miaka ya 1980, tukitumia mikanda mikubwa ya kuzunguka. Mkanda wa futi 2,500, ukienda kwa mwendo wa inchi 15 kwa sekunde, huisha baada ya dakika 33 hivi, na mkanda wenyewe ulikuwa ghali. Kundi la taarab lilipokuja, mpiga udi, mpiga fidla, mpiga tabla na mwimbaji walikuwa wameshauzoea wimbo wiki nzima huko kwao. Waliketi pamoja wakapiga pamoja, na kufikia mara ya tatu au ya nne wimbo ulikuwa umekamilika au tulikuwa tumejua kwamba leo haupatikani. Sisemi kwamba zamani kulikuwa na raha, maana malipo yalikuwa duni na wengi wa waimbaji wale hawakuona faida ya kanda zao zilizouzwa madukani. Ninalosema ni kwamba mkanda ulikuwa na mwisho wake, na mwisho ule ndio uliotupeleka nyumbani kulala.

Kompyuta haina mwisho. Mwimbaji huuimba ubeti mmoja mara 40, kila mara ikahifadhiwa, kisha husema, "Fundi, utachagua iliyo nzuri," akaenda zake. Kuchagua neno hapa na pumzi pale, kuviunga, kuvinyoosha na kufuta mate na mikwaruzo, hiyo ndiyo kazi inayoula usiku wako, na katika zile Sh8,000 haimo hata shilingi moja ya kazi hiyo. Kwa hivyo kabla ya kuuliza utakataaje usiku, jiulize usiku wako umejazwa na nini. Chukua daftari, uandike kila wimbo muda unaoanza na unaoacha, pamoja na muda wa simu na wa kutuma mafaili. Ukishapata jumla, gawanya malipo yako kwa saa ulizofanya kazi. Mimi nilipofanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliona haya kumwonyesha mke wangu.

Nilipoacha mikanda na kuingia kwenye kompyuta niliweka masharti mawili, na niliyashikilia mpaka nilipostaafu. La kwanza, mwimbaji aniletee mazoezi yake yaliyorekodiwa kwa simu siku mbili kabla. Nikisikia kwamba hajaujua wimbo, nilimwahirishia kwa upole na arbuni yake ilibaki palepale. La pili, kila ubeti marudio matano, na kuchagua tunachagua pamoja, yeye akiwa ameketi kando yangu. Wapo walionuna, lakini wengi walirudi, kwa sababu mtu anayejua kwamba ana nafasi tano huimba kwa namna nyingine kabisa.

Kuhusu miksi zako za usiku, kuna sababu mbili na zinashikana mikono. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, wataalamu wa Marekani, walipima jinsi sikio linavyosikia sauti nene na nyembamba, na ikabainika kwamba ukisikiliza kwa sauti ndogo besi hupungua sikioni ijapokuwa kwenye spika iko vilevile, na ukiongeza sauti, besi hujaa. Sikio lililochoka hutaka sauti iongezwe. Basi saa nane usiku wewe huongeza kidogo, saa tisa kidogo tena, na wimbo unakusikilizisha utamu ambao mteja wako hataupata kwenye redio ndogo au kwenye simu yake. Pili, sikio likipigwa na sauti kubwa kwa muda mrefu huziba kwa muda, na linaanza kuziba kwenye zile sauti nyembamba zinazobeba herufi kama s na t. Unahisi wimbo umefifia, unaziongeza, na asubuhi, sikio likishafunguka, unakuta umeumba kisu. Hiyo si bahati mbaya wala si ukosefu wa kipaji. Ni kipimo chako kilichopinda, nawe unaendelea kupimia.

Hapo ndipo kuna hatari kubwa kuliko miksi mbaya. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, huweka mpaka wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8 za siku, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Zipo programu za simu zinazopima kwa kukadiria. Weka simu yako mahali kichwa chako kinapokaa, usiku wa kazi, uone mwenyewe. Mimi nilibandika kipande cha plasta nyeupe kando ya swichi ya sauti, nikachora mstari mmoja kwa kalamu, na kupita mstari ule kuliruhusiwa kwa dakika chache tu, kwa ajili ya kuisikia besi, kisha kurudi. Niliubandika nikiwa na umri wa miaka 46. Ulikuwa umechelewa. Leo sikio langu la kulia halisikii nyenje. Mjukuu wangu huniambia wameanza kulia, nami nauona mdomo wake tu ukitamka.

Na baada ya saa sita usiku usifute kitu, usitume masta, usiamue lolote ambalo huwezi kulirudisha. Fungua folda, uiite Kesho, kila unachotaka kukitupa kitie humo, ukakihukumu mchana. Pia nunua diski ya pili ya nje, na kazi ya mtu inakiliwe humo kabla mwenyewe hajavaa viatu vyake mlangoni.

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Kaka, pole sana. Mimi si mtu wa muziki, lakini mume wangu hupiga kinanda kwenye bendi ya hoteli huku Bamburi, nami nimefanya zamu za usiku wodini kwa miaka mingi, kwa hivyo swali lako nimelisoma kama la nyumbani kwangu.

Ulidhani kwamba ni udhaifu wako. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe, wakaona kwamba baada ya saa 17 za kuwa macho mkono na akili hufanya kazi kama za mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi dereva huadhibiwa kwacho. Kufikia saa 24 hali hufanana na ya mtu mwenye asilimia 0.10. Wewe ulikuwa macho tangu saa nne asubuhi ya Ijumaa, na ulipobonyeza kile kitufe saa zilikuwa zimefika karibu 18, tena juu ya deni la wiki nzima. Isitoshe, saa ya mwili hushuka kabisa kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Joto la mwili hupungua, na ubongo hupata vipande vya usingizi vya sekunde chache huku macho yakiwa wazi. Nimemwona mwenzangu akiandika jina la mgonjwa, kalamu ikateleza hadi pembeni mwa karatasi, naye akaapa kwamba hakusinzia. Wodini ndiyo maana dawa za hatari husomwa na watu wawili. Wewe huna mtu wa pili pale, na ndiyo sababu ushauri wa Mzee wa kutofuta kitu usiku naukubali kwa moyo wote.

Ubaya wa deni la usingizi ni kwamba mtu halioni. Akilala kidogo kwa siku kadhaa, yeye huhisi ameshazoea, lakini akipimwa kazi yake inazidi kuharibika siku hadi siku. Kwa hivyo usijiulize kama unahisi uchovu. Hesabu muda uliolala. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7.

Najua mnachotumia kukaa macho. Kahawa chungu ya barazani haina neno jioni, ila kafeini huchukua muda wa saa 5 hivi kupungua nusu tu mwilini, kwa hivyo kikombe cha saa nane usiku bado kimo ndani yako unapojaribu kulala asubuhi. Muguka na miraa ni habari nyingine. Mnajua mvutano uliokuwapo hapa pwani Mei 2024, kaunti ilipotangaza marufuku ya muguka na mahakama ikaisimamisha. Mimi siingii katika siasa hiyo, nasema tu ninayoyaona kazini. Majani yale yana kemikali inayousukuma moyo na kufukuza usingizi na njaa kwa pamoja, na anayeyatafuna ili amalize miksi hulala asubuhi usingizi mwepesi usiomrejeshea kitu, akaamka akiyahitaji tena. Vijana wa studio wananijia wakiwa na shinikizo la damu ambalo si la umri wao.

Uchovu wa muda mrefu nao haubaki kichwani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Ukiiandika wiki yako kwenye lile daftari, naogopa utazipita hizo 55 kufikia Alhamisi.

Usiku usioepukika ukikufika, lala alasiri kabla yake, hata kwa saa moja na nusu. Ukizidiwa katikati, jinyooshe dakika 20, si zaidi, kwa kuwa ukizama sana utaamka ukiwa mzito na utahitaji muda kabla ya kugusa kazi. Asubuhi chumba kiwe na giza na ubaridi, simu ikae chumba kingine, na bodaboda usiendeshe kamwe ukitoka kukesha, panda matatu. Ule mlio wa sikio usiufanyie subira. Nenda kwa wataalamu wa masikio, pua na koo upimwe usikivu, kwa sababu mlio unaokawia kuondoka huweza kuwa dalili kwamba sikio linaumizwa mara kwa mara kabla halijapona.

Mwimbaji wa Majengo alijibu:

Kwa heshima zote naomba niseme upande wetu, maana inaonekana kana kwamba waimbaji ndio tunaowakesheza mafundi. Mimi nauza nguo Kongowea tangu asubuhi, na nikifunga ni magharibi. Usiku ndio wakati nilio nao. Hata hivyo nakubali kwamba usiku haunifai wala haumfai fundi. Kufikia saa nane koo langu limekauka, noti ya juu naikamua kwa nguvu, na siku mbili zinazofuata siwezi hata kuwaita wateja sokoni kwa sauti.

Mwaka jana fundi mmoja alinishawishi tujaribu alfajiri. Nililala saa tatu usiku, nikaamka kwa swala, nikanywa maji ya uvuguvugu, na nusu saa nzima nikawa navuma na kuimba polepole, kwa sababu sauti iliyotoka usingizini ni nzito na ukiilazimisha inavunjika. Tulirekodi Jumapili, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili na nusu. Barabara ilikuwa kimya kuliko saa nne za usiku, kwani saa nne usiku Mombasa haijalala, watu wako nje wanakula na kuzungumza. Chumba kilikuwa bado na ubaridi wa usiku, kwa hivyo hatukuihitaji feni. Nyimbo mbili zilikamilika asubuhi ile, na sauti yangu mle ndani ni ya mtu aliyepumzika. Nikizisikiliza naitambua tofauti.

Fundi, mchomelea vyuma aliye chini yako hufungua saa ngapi Jumamosi na Jumapili? Anzia hapo.

Karani wa Tononoka alijibu:

Nitaongeza upande wa mikataba tu. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kila baada ya miezi 12. Kanuni za jumla za mishahara nazo huweka kikomo cha kawaida cha saa 52 kwa wiki, na saa 60 kwa wafanyao kazi usiku. Wewe ni mwenye studio, kwa hivyo hakuna mwajiri wa kushtakiwa kwa ajili yako, lakini kijana yeyote unayemlipa kukusaidia analindwa na sheria hiyo, na ukimkesha wiki nzima kosa ni lako. Mafundi wengi walioajiriwa katika studio za watu hapa mjini hawajui kwamba vipengele hivyo vinawahusu.

Kwa wateja wako, karatasi moja yatosha. Iandikwe kwamba nusu ya malipo hutolewa kabla ya kurekodi, kwamba bei inajumuisha saa kadhaa za studio na marekebisho mawili ya miksi, kwamba kinachozidi kina bei yake kwa saa, na kwamba simu hupokelewa kuanzia saa sita mchana. Kazi ya baada ya saa tano usiku iwe na bei ya juu. Usiikatae kwa mdomo. Bei itakataa kwa niaba yako, na atakayeilipa atakuwa ameamua kweli kwamba anaihitaji.

Fundi wa Kisauni alirudi:

Nawashukuru nyote. Nimekaa siku 16 kabla ya kurudi hapa kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Daftari nililianza usiku uleule. Wimbo wa kwanza niliouandika ulichukua saa 41, zikiwamo saa 9 za kuunga vipande vya sauti na saa 6 za marekebisho yaliyoagizwa kwa ujumbe wa simu. Sh8,000 ukizigawanya kwa 41 unapata Sh195 kwa saa, kabla sijalipa kodi ya chumba wala umeme. Niliirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Mchomelea vyuma, ambaye kwa miaka minne sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, hufungua saa mbili na nusu Jumamosi na Jumapili hafungui kabisa. Nilimshukia na chupa ya chai tukakubaliana kwamba siku nikiwa na mwimbaji nitamwambia jana yake, naye ataanza na kupima na kukata kwa mkono kabla ya kuwasha mashine. Kwaya ya Changamwe ilirudi Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili kamili, bila malipo yoyote ya ziada kwa upande wao. Yule mama wa sauti ya chini alikuja na mahamri kwenye kitambaa. Sauti za kuitikia tulizimaliza saa mbili na dakika kumi, marudio matano kila ubeti kama Mzee alivyoelekeza, na kabla hawajashuka ngazi nilikuwa nimeshazinakili kwenye diski mbili.

Mteja mmoja nimempoteza. Ni msanii niliyemrekodi tangu wimbo wake wa kwanza, na niliposema bei ya usiku alicheka akidhani natania, kisha akaenda studio nyingine. Hilo limeniuma na sitalificha. Wawili wengine wametia saini ile karatasi. Usingizi wenyewe haujanyooka. Nalala saa tano usiku lakini macho hufunguka saa tisa kamili, mwili ukisubiri kazi, na hubaki nikisikiliza ule mlio wa sikio mpaka adhana. Plasta yenye mstari nimeibandika kando ya swichi ya sauti. Nilipopima kwa simu nilikuta kwamba nilikuwa nikifanya miksi kwenye desibeli 93 hadi 96 kwa usiku mzima.

Jumanne ijayo saa tatu asubuhi napimwa usikivu. Dada Muuguzi, nina kundi la kasida ambalo linaomba Jumatatu usiku, kwa bei mpya, na wamekubali kulipa. Je, kipimo kitaathirika?

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Kitaathirika, kaka. Masikio yanatakiwa yakae mbali na kelele angalau saa 14 kabla ya kipimo, la sivyo watapima uchovu wa Jumatatu badala ya sikio lako lilivyo. Kipimo ni saa tatu asubuhi, kwa hivyo Jumatatu zima spika kabla ya saa moja jioni, na hedifoni usizivae. Waambie watu wa kasida waje Jumatano alfajiri, na matokeo ukiyapata niandikie hapahapa.